Gari la michezo la Kiingereza lililolala ghalani: breki kwanza, injini baadaye

GARI lililokaa ghalani miaka 20 au 30 mara nyingi huwa halijaharibika kwa kiwango anachokihofia mwenyewe. Kinacholiua ni ile siku moja ambapo betri ya kuazima inaletwa, petroli inamiminwa katika tanki lenye kutu, vijana wanne wanaitwa kusukuma, na injini iliyokauka inalazimishwa kuzunguka. Likiwaka, hatari huzidi, kwa kuwa kwa furaha ile kila aliyepo husahau kwamba chombo hicho hakina breki.

Makala haya yanaeleza namna ya kulirudisha barabarani gari la michezo la Kiingereza la zamani, yaani MG, Triumph, Austin-Healey au Jaguar, lililohifadhiwa kwa muda mrefu. Yanaitazama kazi hiyo katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mji wenyewe hadi Mikumi, kwa sababu mazingira ya huko yana mchwa, mafuriko, barabara ya changarawe na tembo, mambo ambayo vitabu vya ufundi vilivyoandikwa Uingereza havikuyawazia.

Kilosa ni wilaya ya reli na mkonge. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita hapo, na kando yake yakastawi mashamba ya mkonge, ya Kimamba na Rudewa yakiwamo, ambayo wengi wa wenyewe na mameneja wao walikuwa wageni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya sekta hiyo. Magari ya kazi katika mashamba ya namna hiyo yalikuwa malori, matrekta na Land Rover. Gari la michezo lilikuwa la starehe, wala hayakuwa mengi. Anayelikuta moja leo chini ya turubai, awe amelirithi au amelinunua, ana kitu adimu, na asitarajie kumpata jirani mwenye la pili la kuazimia vipuri.

Hata hivyo, fundi hatakosekana. Aliyezeeka na Land Rover, gari lililooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, anaijua MGB kuliko anavyodhani. Umeme wa Lucas ni uleule na platini katika distribyuta hazitofautiani sana. Nati pia ni za inchi, na hapo ndipo uharibifu mwingi wa kijinga huanzia. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 huingia ikicheza na kuila pembe zake. Ya sehemu 9 kwa 16 ya inchi ina milimita 14.3, haikubali namba 14 na inacheza katika namba 15. Fundi asiye na spana za inchi asianze kazi, hata kama ana bei nzuri.

Kwa mfano wa kuelezea, makala haya yatatumia MGB, kwa kuwa ndilo gari la michezo la Kiingereza lililoenea zaidi katika zama zake. Lilitengenezwa mjini Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, likiwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 1,798. Wingi huo ndio unaoliokoa hadi leo. Vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza, na tangu mwaka 1988 hata bodi yake nzima imekuwa ikitengenezwa upya kwa vyuma vya mashine zilezile za zamani. Mwenye gari adimu zaidi atalazimika kuchongesha baadhi ya vitu.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake na magari ya mbio. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yale ya mwaka 1972, yaliyoanzia Dar es Salaam, yalichukuliwa na Hannu Mikkola wa Finland kwa gari la Ford Escort RS1600, lililoandaliwa Uingereza. Tangu mwaka 2003 kumekuwapo pia Safari ya magari ya kale. Wanaoshiriki huko huenda na mafundi wao na malori ya vipuri. Mtu wa Kilosa ana ghala, fundi mmoja na fedha zinazohesabika, na kwa sababu hiyo mpangilio wa kazi kwake ni jambo kubwa kuliko kwao.

Kabla ya spana, karatasi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa katika kadi ya gari. Zikitofautiana, simamisha kila kitu, kwani utakuwa unatengeneza mali ambayo huenda hutaruhusiwa kuiendesha. Kama mwenye kadi amefariki, familia inapaswa kupitia mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, ndipo umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Si mara moja ndugu mmoja ameingiza fedha katika gari la marehemu, na siku lilipoanza kung'aa wenzake wakakumbuka kwamba nao ni warithi. Gari lililolala tangu kabla ya namba za herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu litahitaji kusajiliwa kwa mfumo huo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na badala yake kodi ya mafuta ikaongezwa, lakini hali ya kumbukumbu za miaka ya nyuma iulizwe mapema TRA. Bima, angalau ile ya kumlinda mtu mwingine, ni ya lazima kisheria kabla gurudumu halijagusa barabara.

Ukaguzi wa kwanza hufanyika gari likiwa palepale lilipo, bila kulisogeza. Vaa glavu na viatu vya kufunika, piga bodi kwa fimbo, subiri. Nyoka na nyuki hupenda nafasi iliyo nyuma ya taa na chini ya siti. Panya huwa wameshakula waya. Nyigu wale wajengao kwa udongo ni wadogo lakini hasara yao ni kubwa. Huziba bomba la kupumulia la tanki, tundu za kabureta na hata bomba la ekzosi, na fundi anaweza kuhangaika siku tatu akitafuta hitilafu ya umeme kumbe petroli haishuki kwa sababu ya kidonge cha udongo. Kila tundu lipitishwe waya mwembamba.

Mchwa hawali chuma, na hilo ni nafuu kwa MGB. Lakini MGA, iliyoitangulia, ina sakafu ya mbao, na MG za mfululizo wa T, zilizokoma mwaka 1955, zina kiunzi cha bodi kilichojengwa kwa mbao. Gari la namna hiyo likiwa limesimama juu ya udongo wa Kilosa, linaweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limebaki rangi na bati. Bonyeza kwa bisibisi, usitazame tu.

MGB kwa upande wake haina chesisi ya peke yake. Uimara wake umo katika vile vizingiti vya chuma vilivyo chini ya milango. Kutu ikivila, gari hukunjika katikati polepole. Kipimo chake ni chepesi: fungua na kufunga mlango gari likiwa chini, kisha linyanyue kwa jeki upande mmoja ujaribu tena. Mlango ukianza kugoma, vizingiti vimekwisha, na gharama inayofuata ni ya fundi bodi kabla ya fundi injini. Wengi hufanya kinyume. Hutengeneza injini kwanza kwa sababu inapendeza kuisikia, fedha zikaisha, gari likarudi chini ya turubai likiwa na injini nzuri.

Jambo jingine la kuuliza Kilosa ni maji. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukang'oa reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Gari lililowahi kusimama ndani ya maji, hata ya kufika nusu ya gurudumu, lina tope ndani ya beringi na ndani ya breki. Fungua kifuniko cha difu na cha gia boksi, toa oili kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia. Imwagwe yote, isafishwe, na beringi za magurudumu zitolewe zitazamwe moja moja.

Sasa breki. Inafaa kulikaa hapa kwa muda, maana ndipo watu wanapokufa.

Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Baada ya miaka mingi maji hayo hutulia katika sehemu za chini za mfumo, yaani katika silinda za magurudumu na katika kalipa, na kuzichimba kwa kutu. Nje hakuna kinachoonekana. Ukikanyaga pedali inaweza hata kuwa ngumu na ya kutumainisha, kwa sababu pistoni zimeganda. Siku ya kwanza barabarani breki hushika gurudumu moja tu na gari huruka upande mmoja. Au hushika vizuri mara tano, na ya sita raba iliyokauka inapasuka. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na kinachobaki ni breki ya mkono.

Hivyo hakuna cha kujaribu. Masta silinda, silinda za nyuma na kalipa za mbele zifunguliwe zote. Iliyochimbika ndani ibadilishwe. Kuisugua kwa msasa ni kujidanganya, kwani raba mpya itakatika katika mashimo yaleyale. Mabomba ya chuma yabadilishwe, na yale ya aloi ya shaba na nikeli ni bora kwa kuwa hayashiki kutu. Mipira mitatu ya breki ibadilishwe hata kama inaonekana mizuri. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani ukawa kama valvu ya njia moja: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, gurudumu linabaki limebanwa hadi linatoa moshi. Klachi ya MGB nayo hutumia mafuta ya aina hiyohiyo na ina masta yake, basi ifanyiwe kazi siku hiyohiyo.

Upo mtego mmoja unaohusu historia ya gari. Mahali ambapo mafuta ya breki hayakupatikana, mtu anaweza kuwa aliongeza oili ya injini au ya haidroliki ili afike nyumbani. Raba za magari haya hazivumilii mafuta ya petroli na madini. Huvimba na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Kabla ya kufungua chochote, chota mafuta kidogo katika chombo cha masta, dondoshea ndani ya glasi ya maji. Mafuta halali huchanganyika na maji. Yakielea juu, jua kwamba kila raba katika mfumo mzima, pamoja na iliyowekwa mwaka jana, ni ya kutupwa, na mabomba yaoshwe kwa spiriti.

Vumbi linalokutwa ndani ya ngoma za breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Bitana za zama hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Fundi kijana ndiye anayepaswa kuambiwa jambo hili kwa sauti, kwani ndiye anayepewa kazi ya kusafisha.

Baada ya kuunga na kutoa upepo, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, kanyaga pedali kwa nguvu zote na ushikilie dakika nzima. Ikishuka polepole, kuna mahali panapovuja au masta haizibi. Hadi hapo injini haijaguswa.

Kwenye mafuta, harufu ndiyo mwongozo. Petroli iliyozeeka hunuka kama vanishi na huacha gundi ya kahawia. Haifai kuchanganywa na mpya kwa ajili ya kubana matumizi. Tanki la MGB liko chini, nyuma, na kwa kawaida huoza upande wa juu, ambako tope hukaa pasipoonekana. Lishushwe, litazamwe kwa tochi ya betri. Likiwa limetoboka, usilipeleke kwa mchomeleaji. Tanki tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa, na kulikausha juani hakuondoi mvuke uliojificha katika mikunjo na ndani ya kutu. Tanki jipya linagharimu fedha nyingi, lakini fundi aliyelipukiwa hana bei. Kati ya tanki na pampu iwekwe chujio, nalo libadilishwe baada ya wiki ya kwanza.

Pampu ya umeme ya SU iko nyuma ya gari, nayo hulia tik-tik pale swichi inapofunguliwa. Isipolia, mara nyingi ni platini zake zilizoshika uchafu, na mguso mwepesi wa mpini wa bisibisi huiamsha, ingawa hiyo ni tiba ya safari moja tu. Kabureta mbili za SU zifunguliwe na kuoshwa. Pistoni yake inatakiwa kushuka yenyewe hadi chini kwa mlio wa wazi ikiinuliwa na kuachiwa. Kabureta hizi zina sifa ya ukaidi ambayo hazistahili. Zinahitaji usafi, na oili kidogo katika kile kichupa cha juu ambacho watu wengi hawajui kwamba hufunguka.

Lipo pia suala la petroli yenyewe. Injini hizi zilibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ililinda makalio ya valvu za ekzosi katika silinda hedi za chuma. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na kwa afya za watoto wa mijini ulikuwa uamuzi mwema. Kwa mwenye MGB, maana yake ni kwamba mwendo wa kasi wa muda mrefu utazila taratibu sehemu hizo. Hakuna haja ya kuifungua injini kwa ajili hiyo pekee. Endesha kwa upole, pima nafasi za valvu kila baada ya kilometa 1,500 hivi, na zikizidi kupungua kila mara, basi hedi ipelekwe kuwekewa makalio magumu. Uchakachuaji ni adui mwingine. Mafuta ya taa ndani ya petroli hufanya injini yenye mgandamizo mkubwa igonge kama nyundo. Tatizo hilo lilienea sana kabla ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kuanza kutumia vinasaba mwaka 2010 na Serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Bado ni busara kujaza katika kituo chenye mauzo mengi, si petroli ya chupa za kando ya njia.

Injini nayo haitaki haraka. Toa plagi zote nne. Mimina katika kila silinda kijiko cha dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, funika, uiache siku tatu au nne. Ondoa kifuniko cha valvu utazame kama zipo zilizoganda zikiwa wazi, maana injini ikizungushwa hivyo, fito za kusukumia hupinda. Kisha weka gia ya nne na usukume gari mbele na nyuma kwa sentimita chache, plagi zikiwa nje. Likigoma, rudisha nyuma, ongeza mafuta, subiri tena wiki. Kuvuta kwa Land Rover injini iliyoganda ni namna ya uhakika ya kuvunja ringi za pistoni.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, badilisha chujio, weka oili ya 20W-50, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa injini hizi na inapatikana kwa urahisi nchini. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili inyanyuke. Isiponyanyuka, usiwashe. Pampu iliyokauka kwa miaka haivuti mpaka ijazwe oili kwa mkono kupitia mpira wa oili. Dakika moja ya injini bila oili inaweza kufuta beringi zilizodumu miaka 50. Platini ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.6 hivi. Injini nzima, ikiwa ya moto na katika mwendo, huonesha ratili 50 hadi 80 kwa inchi ya mraba. Siku ya kuwasha pawepo kizimamoto, na mtu wa kukishika ambaye hana kazi nyingine.

Klachi huenda ikawa imegandana na gurudumu la injini, hasa ghala likiwa na unyevu wa masika. Mara nyingi huachia baada ya pedali kukandamizwa kwa kijiti usiku kucha. Rejeta ioshwe hadi maji yatoke safi, ijazwe maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na mipira yote iwe mipya. Tabia ya mafundi wetu ya kung'oa thamostati kwa imani kwamba gari la Afrika haliihitaji iachwe. Haizibui rejeta iliyoziba. Inaifanya tu injini ichelewe kupata joto na kuchakaa upesi.

Kuhusu umeme, jambo moja laweza kumgharimu mtu alteneta nzima. MGB za kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zina chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Betri zake ni mbili za volti sita, zimefichwa nyuma ya siti mahali pasipofikiriwa. Rangi za waya za Lucas zikijulikana, kazi hurahisika: kahawia hutoka betri bila fyuzi, nyeupe ni swichi, kijani ni ya vifaa vyenye fyuzi baada ya swichi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi bodi. Penye waya wa kahawia uliotafunwa na panya ndipo moto unapoanzia.

Matairi yasiamuliwe kwa kashata zake. Tairi lililosimama huzeeka likiwa bado na meno yote. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina mjadala. Rimu za MGB ni inchi 14, ukubwa unaopatikana madukani.

Njia ya kwenda Mikumi inataka kufikiriwa. Kutoka Kilosa kupitia Ulaya ni kilometa zisizozidi sana 70, na kwa miaka mingi imekuwa njia ya changarawe na udongo. Kwa lami, sehemu ya Dumila hadi Rudewa ilitangulia na ya Rudewa hadi Kilosa ikafuata. Anayezunguka kwa Dumila na Morogoro atatembea kiasi cha kilometa 250 kufika Mikumi. Hata hivyo ndiyo njia inayofaa, kwani MGB ina nafasi ya sentimita 12 au 13 tu kutoka ardhini na ekzosi yake ndiyo ya kwanza kukutana na jiwe. Aidha, njia ndefu inaweza kugawanywa: siku ya kwanza kwenda Kimamba na kurudi, nyingine Dumila, kisha Morogoro, kila safari ikifuatiwa na kugusa vikombe vya magurudumu kwa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki inabana au beringi inakufa.

Ubaya wa Mikumi ni kwamba huwezi kusimama unapotaka. Barabara kuu ya kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50. Vibao vinapunguza mwendo hadi kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, matuta yapo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Mwendo huo unaifaa sana injini ya kale. Tatizo ni gari likizima. Katika hifadhi hairuhusiwi kushuka ovyo, na mwenye gari lisilo na paa, lililo chini kiasi kwamba kichwa chake kinalingana na goti la tembo, hana sababu ya kutaka kushuka. Malori ya kwenda Tunduma nayo hayamwoni kwa urahisi. Mbung'o watamwona.

Kwa hiyo kipimo kifanyike Morogoro. Injini iachwe inguruma bila kutembea kwa nusu saa katika jua la mchana, geji ya joto ikitazamwa. Ikipanda bila kutulia, safari iahirishwe. Taa za nyuma na za breki zihakikiwe, mikanda ya usalama iwe imefungwa katika chuma kizima, na kizimamoto na pembetatu za tahadhari ziwemo, kwani askari wa usalama barabarani ataziulizia. Usiku usitumike. Doma, kabla ya kuingia hifadhini, ni mahali pa kusimama kwa mara ya mwisho kutazama oili, maji na mafuta ya breki, na kupitisha mkono chini ya tanki kuona kama unarudi mkavu.

Mjini Mikumi, ng'ambo ya hifadhi, gari lipumzishwe saa nzima kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta. Oili ile ya kwanza imwagwe baada ya kilometa 800 hata ikionekana safi, kwa sababu imebeba masizi na kutu ya miaka yote ile, na nati za silinda hedi zikazwe tena injini ikiwa ya baridi. Baada ya hapo gari liendeshwe angalau mara mbili kwa mwezi, mwendo wa kutosha kuipasha injini moto kabisa, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.